Trekta la Babu Lililovaa Nailoni

Huyu ni Bupe. Ana miaka sita, na ana macho mawili yanayoona vizuri.

Na huyu ni babu yake, Babu Gwakisa. Naye ana macho mawili. Yanaona nini, mimi sijui. Hebu sikilizeni, halafu mniambie ninyi.

Wanakaa milimani, kwenye baridi na viazi. Nyumba iko juu. Malisho ya ng'ombe yako chini, bondeni. Katikati kuna njia moja, na njia hiyo ina tope.

Siku moja Babu alinunua trekta. Trekta dogo, jekundu, na tela lake nyuma.

Tu-tu-tu-tu! Likapanda kilima.

Trekta zuri jamani! Ila lilikuja limefungwa nailoni. Kiti kina nailoni. Usukani una nailoni. Taa zina nailoni. Hata pedali ya breki ina nailoni!

"Babu," Bupe akasema, "tulivue nailoni?"

"Usiguse!" Babu akasema. "Litachafuka!"

Makubwa haya! Eti trekta litachafuka.

Mnadhani aliishia hapo? Wapi! Babu aliingia sebuleni, akachukua kitambaa cha kochi. Kitambaa cheupe, chenye maua. Bibi alikifuma kwa mikono yake, miezi miwili.

Babu akakitandika juu ya boneti. Kitambaa kikaning'inia mbele, mpaka chini. Trekta likawa kama mtoto anayetaka kulishwa uji.

"Wewe mzee!" Bibi akasema. "Hicho ni kitambaa cha kochi. Trekta linakaa sebuleni?"

"Limependeza," Babu akasema.

Bibi akafyonya. Fyooo!

Jumatatu ilikuwa siku ya kubeba samadi. Babu akalisogeza trekta karibu na lundo la samadi. Lakini siyo karibu sana.

Akapanda kwenye kiti. Kwacha, kwacha! Hiyo ni nailoni.

Akawasha trekta. Tu-tu-tu-tu! Trekta likatetemeka. Babu naye akatetemeka. Nailoni inateleza, watoto. Babu akateleza kidogo. Akateleza tena.

Tereree... pwaa!

Babu huyo, ndani ya samadi.

Alitoka na samadi masikioni. Alitoka na samadi mfukoni. Na mnajua alisema nini?

"Afadhali," akasema. "Trekta halijachafuka."

Bupe akacheka mpaka akakaa chini. Bibi akafyonya. Fyooo!

"Babu, tuvue nailoni ya kiti tu," Bupe akasema.

"Usiguse! Litachafuka!"

Makubwa haya! Eti trekta litachafuka.

Jumanne ilikuwa siku ya kubeba viazi kutoka shambani. Magunia mawili ya viazi, mazito, yenye udongo.

"Yatie kwenye tela," Bibi akasema.

"Viazi vina udongo," Babu akasema. "Na tela lina rangi mpya."

Basi tazameni walivyokwenda. Mbele, Babu kwenye trekta. Tu-tu-tu-tu! Nyuma ya Babu, tela tupu. Nyuma ya tela, Bibi, na debe la viazi kichwani.

Tela tupu! Kichwa cha Bibi kimejaa!

Bibi alikwenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Mara sita. Na mara zote sita Babu alimsindikiza kwa trekta. Muungwana kweli.

"Safari njema!" Babu akasema.

Safari hii Bibi hakufyonya. Alikuwa hana pumzi.

Jumatano haikuwa siku ya kazi yoyote. Babu alitaka tu watu walione trekta. Akavaa kofia. Akatoka.

Tu-tu-tu-tu!

Njiani kulikuwa na dimbwi. Dimbwi dogo, hata bata hawezi kuogelea humo. Babu akalikwepa, asije akachafua magurudumu.

Akakwepa huku. Akakwepa kule. Akakanyaga breki. Breki ina nailoni! Mguu ukateleza, na trekta likaenda lilikotaka.

Krach, krach, krach! Likaingia kwenye kabichi za jirani.

Mzee Ambakisye, mwenye kabichi, akatoka ndani na kikombe cha chai. Akatazama kabichi zake. Akatazama nailoni. Akatazama kitambaa chenye maua.

"Gwakisa," akasema, "hilo ni trekta au ni biharusi?"

Babu akaishusha kofia mpaka machoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Alhamisi hapakuwa na mchezo.

Alhamisi Bupe alishuka bondeni kumwangalia ng'ombe wao, Zabibu. Akamkuta Zabibu chini ya mti wa mkaratusi. Mbele yake kuna kitu cheusi, kimelowa.

Ndama! Ndama aliyezaliwa muda huo huo!

Lakini ndama hakusimama. Alijaribu mguu mmoja. Ukakunjika. Alijaribu mwingine. Nao ukakunjika. Akalala, akitetemeka.

Bupe akatazama juu. Mawingu yalikuwa meusi, yanashuka kilima. Mvua ya huko ni baridi kama maji ya kisima. Ndama dhaifu akinyeshewa nayo, hawezi kupona.

Bupe akajaribu kumbeba. Hee! Alikuwa mzito. Akajaribu tena. Hakuinuka.

"Ningoje," Bupe akamwambia ndama. "Usilale. Nimesema usilale!"

Akapanda kilima mbio. Puta, puta, puta!

"Babu! Bibi! Zabibu amezaa! Ndama hawezi kusimama, na mvua inakuja!"

Bibi akainuka. "Mimi nawasha moto. Wewe mzee, chukua trekta!"

Babu akatazama trekta lake. Akashika kidevu.

"Ndama amelowa," akasema. "Ana tope. Litacha..."

"Babu!" Bupe akamkatiza. Alikuwa na hasira, na machozi pia. "Trekta ni la nini?"

Babu akafungua mdomo. "Ni la... Ni la..."

Akaufunga.

Basi wakaenda. Lakini mnamjua Babu. Kwanza alitandika nailoni nyingine kwenye tela. Nailoni juu ya nailoni!

Tu-tu-tu-tu! Wakashuka bondeni.

Wakamshika ndama, Babu miguu ya mbele, Bupe miguu ya nyuma. Moja, mbili, hop! Ndama akaingia kwenye tela. Bupe akakaa naye, akamkumbatia, maana kwenye nailoni ndama alikuwa anateleza kama sabuni.

Zabibu akafuata nyuma. Mbooo! Mbooo!

Wakaanza kupanda. Tu-tu-tu-tu! Njia ikawa kali. Tu... tu... tu... Trekta likaanza kunung'unika.

Tu... tu... fuuuuu!

Moshi! Hapana, si moshi. Mvuke, mweupe, unatoka mbele ya trekta. Babu akazima injini.

Kimya.

Babu akashuka. Akalizunguka trekta mara moja. Akalipiga gurudumu teke.

"Ni mafuta," akasema.

Hayakuwa mafuta.

Akazunguka tena. Akapiga teke gurudumu la pili.

"Ni kilima," akasema.

Kilima kimefanya nini? Kilima kimekaa pale tangu zamani, hakijamgusa mtu.

Akapiga teke la tatu. "Wameniuzia kitu kibovu!"

Bupe akaruka chini, akaenda kutazama mbele ya trekta. Pale mbele kuna matundu, ya kupitishia hewa. Upepo unaingia hapo, injini inapoa. Lakini Bupe hakuyaona matundu. Aliona maua. Kitambaa cha kochi kilikuwa kimenyonywa, kimebana, kimeziba matundu yote.

"Babu, wewe ukifunikwa blanketi puani, unapumua?"

"Sipumui."

"Basi na trekta halipumui. Limezibwa na kitambaa."

Akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Babu akasema. "Lita..."

Hapo, kwenye tela, ndama akaacha kutetemeka, na Bupe akamrudia mbio. Kichwa cha ndama kikashuka taratibu mapajani mwa Bupe. Akafumba macho.

"Babu," Bupe akasema kwa sauti ndogo. "Babu, amenyamaza."

Babu akamtazama ndama. Akamtazama Bupe. Akakitazama kitambaa cheupe, kisafi, chenye maua.

Akaona aibu. Aibu kubwa, mpaka masikio yakawa moto.

Akakishika kitambaa.

Chwaa! Akakitoa.

Hakukitupa. Akaingia nacho kwenye tela, akaanza kumsugua ndama. Akamsugua mgongo. Akamsugua kifua. Akamfuta pua na mdomo. Kitambaa kikawa cheusi, na Babu hakukitazama hata mara moja.

"Amka," Babu akasema. "Amka, mwanangu. Amka."

Wakasugua. Babu kwa kitambaa, Bupe kwa viganja.

Sikio moja likacheza.

Likacheza la pili.

"Mee," akasema ndama. Sauti ndogo kama ya mlango unaofunguliwa. Lakini Zabibu aliisikia. Mboooo!

"Yuko hai!" Bupe akapiga kelele.

Babu akavua koti lake, akamfunika ndama. Kisha akaligeukia trekta. Mngemwona!

Chwaa! Nailoni ya kiti. Chwaa! Nailoni ya usukani. Chwaa! Nailoni ya taa. Chwaa, chwaa, chwaa! Nailoni ya breki. Bupe naye akaivuta ile ya tela kutoka chini ya ndama. Hakuna aliyemwambia usiguse.

Wakangoja kidogo. Upepo ukaingia kwenye matundu. Matone ya kwanza ya mvua yakaangukia boneti. Tsss! Tsss!

Babu akawasha.

Tu-tu-tu-tu!

Safari hii Babu hakuteleza. Mguu ulikaa kwenye breki. Makalio yalikaa kwenye kiti. Kumbe trekta lina kiti kizuri tu!

Mbele kulikuwa na dimbwi.

"Babu, dimbwi!"

"Nimeliona," Babu akasema.

Pwaaa! Akapita katikati.

Na jingine. Pwaaa! Na jingine. Pwaaa! Tope likaruka kwenye taa. Likaruka kwenye boneti. Likaruka kwenye ndevu za Babu. Mvua ikamwagika, na wao wakapanda, wakapanda, mpaka mlangoni.

Bibi alikuwa amewasha moto mkubwa jikoni. Akamtazama ndama kwenye koti. Akakitazama kitambaa chake cha miezi miwili, cheusi tii, kinanuka.

Bupe akangoja kusikia fyooo.

Bibi hakufyonya. Akasema, "Mlete haraka, aote moto."

Ndama akaota moto. Akajaribu mguu mmoja. Akajaribu wa pili. Wa tatu. Wa nne. Akayumba huku, akayumba kule.

Akasimama!

Wakampeleka bandani kwa Zabibu. Akatafuta ziwa. Akalikosa. Akatafuta tena. Akalipata. Chwi, chwi, chwi!

Giza lilipoingia, Bupe alikunywa uji, akaingia kitandani. Babu alikuja kumfunika vizuri, tope likiwa bado kwenye ndevu.

"Babu," Bupe akasema, "umechafuka."

"Nimechafuka sana," Babu akasema. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda apumzike kidogo tu. Akasinzia yeye kwanza. Khorrr!

"Mtazame," Bibi akasema mlangoni. "Hata viatu hajavua." Akamvua viatu. Akamfunika na yeye.

Mvua ikanyesha juu ya bati. Ndama akalala amemwegemea mama yake, tumbo limejaa.

Na trekta je?

Trekta liko nje. Halina nailoni. Halina kitambaa. Lina tope kila mahali, na linanyeshewa.

Na linyeshewe! Ni trekta.