Mizani Imegoma

Kila Jumanne asubuhi Apolinaria alikwenda zahanati ya Kigwa kupima uzito. Alitembea kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Njiani alisalimiana na watu, lakini hakusimama. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye mizani.

Jumanne hiyo alivua kandambili. Akavua na kitenge cha juu. Akapanda, akashusha pumzi, akatazama chini.

Themanini na tisa.

"Ileile," muuguzi alisema, akaandika kwenye kadi.

Hiyo ilikuwa wiki ya saba bila kupungua. Apolinaria alishuka, akavaa kandambili zake.

Miezi sita nyuma alikuwa na kilo tisini na nane. Sukari katika damu yake ilikuwa imepanda. Ilibaki kidogo tu aitwe mgonjwa wa kisukari. Aliambiwa kwamba akipungua uzito, anaweza kuuepuka ugonjwa huo. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama yake mzazi alikuwa na kisukari. Alikatwa mguu, na mwaka haukuisha wakamzika. Apolinaria ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Basi alianza. Aliacha soda. Aliacha sukari kwenye chai. Alipunguza ugali, akaongeza mlenda na mchicha. Kila siku alitembea mpaka stesheni ya treni na kurudi. Kilo tisa zikaondoka. Kisha mizani ikagoma.

Akiwa njiani kurudi nyumbani alikutana na Kabula, dada wa mumewe.

"Wifi! Bado unajikondesha tu? Watu wanasema kaka yangu hakulishi."

"Waache waseme."

"Wengine wanasema makubwa zaidi, eti una ugonjwa mbaya. Mie nimenyamaza." Kabula alicheka. "Na kukonda kwenyewe mbona hukondi? Mwezi wa pili huu nakuona uko vilevile. Kula, mama! Ndivyo ulivyoumbwa."

Neno hilo lilimchoma Apolinaria. Mama yake naye, watu walisema ndivyo alivyoumbwa.

Mchana huo hakula. Usiku alikunywa chai tu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mumewe, Sixbert, alimwuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Alipobaki peke yake jikoni alilia, huku akipuliza moto, ili akiulizwa aseme ni moshi.

Siku ya tatu alikwenda bombani. Alipoinama kunyanyua ndoo, dunia ikazunguka. Alianguka pale pale kwenye tope.

Aliyemwinua ni jirani yake, Martha. Martha ni msichana mpole, mhudumu wa afya wa kitongoji chao. Alimshika mkono mpaka nyumbani, akamkalisha kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama Adelina. Pole sana. Umekula nini leo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijala."

"Na jana?"

Apolinaria alitikisa kichwa. Kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja. "Niache, Martha. Nimechoka. Nimejinyima vyote, na mizani iko palepale. Nitakufa kama mama. Bora nife nimeshiba."

Martha alikaa naye, akamfuta tope kwenye mkono.

Sixbert aliingia ameshika kikombe. "Kunywa, mke wangu, upate nguvu."

"Ni nini hicho, baba Adelina?" Martha aliuliza.

"Maji ya asali. Huwa anakunywa asubuhi na jioni. Nyingine anatia kwenye chai." Sixbert alitabasamu. Alikuwa mfugaji wa nyuki, na mizinga yake ilikuwa porini upande wa Goweko. "Tangu turine asali kwenye mizinga, ile safi yote namwekea yeye, kwa kuwa ameacha sukari."

"Mlirina lini?"

"Inakwenda miezi miwili."

Martha alimgeukia Apolinaria. "Leo kunywa, mama, maana umeishiwa nguvu. Lakini kwa siku unatumia vijiko vikubwa vingapi?"

"Vinne. Vitano. Lakini asali si sukari, Martha. Asali ni dawa!"

"Asali ni nzuri, mama. Ila ikiingia mwilini ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja ni karibu sawa na vijiko vinne vidogo vya sukari."

Sixbert aliketi chini taratibu. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namrudisha nyuma."

"Si wewe peke yako, baba. Hata bila asali, uzito ungeweza kusimama. Huwatokea karibu watu wote wanaopungua. Mmemwona muuza mkaa? Akiwa na magunia mawili kwenye baiskeli, anatumia nguvu nyingi. Akishusha moja, nguvu anayohitaji ni ndogo. Mama ameshusha kilo tisa. Chakula kilichomtosha kupungua mwanzoni, sasa kinamtosha kubaki alipo."

"Si ndiyo maana nikaacha kula!" alisema Apolinaria.

"Ukijishindisha njaa, mwili unapoteza misuli. Halafu njaa inakushinda, unakula mara mbili."

"Sasa nifanye nini? Nimebakiza nini cha kuacha?"

"Asali uache. Milo usiruke. Ugali upungue kidogo tu, maharage na mboga viongezeke. Na karanga ninazokuona ukizitafuna unapozimenya, mama, hizo nazo ni chakula. Njia ya stesheni umeshaizoea, ongeza mwendo. Kila siku kaa kwenye kiti na kusimama bila kujishika, mara kumi, upumzike, urudie. Misuli ipate kazi."

Jioni hiyo Sixbert alipeleka asali yote dukani. Apolinaria alikula ugali mdogo na maharage. Hakuwa na matumaini. Alikula kwa kuwa Martha alikuwa amekaa mbele yake.

Jumanne iliyofuata mizani ilisema themanini na tisa. Iliyofuata, themanini na tisa. Siku hiyo alitaka kuacha kabisa. Sixbert alivaa viatu vyake, akamwambia, "Twende stesheni. Leo tunakwenda wote." Walitembea mwendo mkali, hata hawakuweza kuzungumza.

Wiki ya tatu mizani ilishuka kwa nusu kilo. Baada ya miezi miwili ilifika themanini na sita. Muuguzi alimpima sukari pia.

"Imeshuka, mama. Imetoka kwenye hatari. Usiache unachofanya, na urudi tupime tena."

Apolinaria hakushangilia. Alishika ukingo wa meza.

"Na mizani ikisimama tena?"

"Inaweza kusimama tena."

Alitazama kadi yake. Namba themanini na tisa zilikuwa zimepangana, moja chini ya nyingine, mstari mrefu.

"Basi," alisema polepole, "ikisimama, mimi nitaendelea kutembea."