Siku Ngassa Alipomwangusha Mama Mkwe

"Laleni chini! Chini!"

Sauti ilikuwa ya Ngassa, lakini Ernestina hakuitambua. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa nyumbani kwao Dutwa na sinia la soda mkononi, anatabasamu kama mchumba anavyotakiwa kutabasamu. Ng'ombe wa mahari ndiyo kwanza walikuwa wanaingia zizini, akina mama wanapiga vigelegele. Vijana wa bodaboda waliosindikiza ujumbe kutoka Bariadi wakanogewa. Mmoja akaichezea swichi pikipiki ikiwa kwenye mwendo, ekzosi ikalipuka: pa! pa! pa!

Watu walicheka. Ngassa aliruka kutoka kwenye kiti, akamkumba mtu aliyekuwa karibu naye, akamwangusha nyuma ya simtanki la maji na kumlalia mwili mzima, mikono yote miwili imemfunika kichwa.

Mtu huyo alikuwa Mama Milembe, mama mzazi wa Ernestina. Alikuwa anapita nyuma ya viti kwenda kuchota maji, uso ameugeuzia kando ili asimwangalie mkwe.

"Yesu wangu!" Shangazi Lukresia alipiga ukunga. "Amemlalia mkwewe!"

Kama hujawahi kuishi Usukumani utauliza kuna shida gani hapo. Shida ni kubwa, ndugu yangu. Mwanaume na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Wakikutana njiani mmoja anakaa pembeni mwingine apite. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Sasa huyu, siku ya mahari yenyewe, mbele ya wazee wa koo mbili, kampiga mama mkwe mwereka na kumlalia vumbini.

Ngassa aliinua kichwa. Alitazama pikipiki, akatazama watu, akamtazama mwanamke aliyekuwa chini yake. Akanyanyuka huku anatetemeka.

"Mayu... nisamehe, mama yangu, nisamehe mayu..."

Kisha macho yake yakamfikia Ernestina, pale pale alipokuwa, na sinia lake. Alimtazama kama mtu anayemtazama maiti. Akageuka, akatoka getini bila kofia, bila kuaga.

"Ngassa!" Ernestina aliita. "Ngassa, subiri!"

Hakugeuka.

Mzee Masalu, baba yake Ernestina, alimgeukia mshenga.

"Boniventura, umeniletea mkwe au umeniletea mwehu?"

"Mzee wangu, huyu kijana ni mwanajeshi. Alikuwa misheni nje ya nchi, kule kulinda amani. Mambo waliyoyaona..."

"Hata mimi nina mtoto wa kaka yangu jeshini. Hajawahi kumlalia mama wa mtu!"

"Tutaleta kondoo wa kufuta aibu, mzee. Mambo haya yana utaratibu wake."

"Kondoo wa kufuta wehu mnaye?" Mzee aligonga fimbo chini. "Jumapili ya wiki ijayo, watu wakitoka kanisani, muwakute ng'ombe wenu nje ya zizi. Nimemaliza."

*

Ernestina alipiga simu mpaka chaji ikakaribia kwisha. Inaita, haipokelewi. Akaandika:

"Ngassa pokea simu. Sijakasirika. Nataka kujua kama uko hai."

Jibu lilikuja jioni.

"Niko hai. Mshenga kanieleza. Mwambie baba arudishe ng'ombe, yuko sahihi. Tafuta mtu mwingine Erne. Nisamehe."

Aliisoma amekaa kwenye cherehani yake kibarazani, gauni la mteja limening'inia hajalimaliza. Shangazi Lukresia alikuwa pembeni anachambua mchele, na mdomo wake, kama kawaida, ulikuwa na kazi zaidi kuliko mikono.

"Mimi sitaki kuingilia, mwanangu."

"Basi usiingilie, shangazi."

"Ila nauliza tu. Wewe ulikuwa wapi pale?"

"Si ulikuwepo! Nilikuwa mbele yake."

"Mbele yake. Anakuona. Akadhani hiyo ni bunduki. Akamwokoa nani?" Alipuliza pumba. "Mwanaume akikupenda, siku ya hatari mkono wake unakuja kwako kwanza. Huyo alikuacha umesimama, wewe na soda zako."

Maneno yale yalimwingia Ernestina, yakakaa. Uwehu angeuvumilia. Aibu pia ingepita, watu wa Dutwa wangepata jipya la kusema. Hili la kuachwa amesimama lilimuuma mpaka akashindwa kutia uzi kwenye sindano. Akachukua simu tena.

"Swali moja tu kisha sitakusumbua. Kwa nini ulimchukua mama ukaniacha mimi?"

Tiki zikageuka bluu. Akaona anaandika, akaacha, anaandika tena, akaacha. Hakutuma kitu.

Alhamisi alipigiwa simu na namba asiyoijua.

"Haloo, mwadila shemeji. Mimi naitwa Joakim, niko Nassa huku. Ongea kwa nguvu kidogo, sikio langu moja limekufa."

"Joakim gani?"

"Nilikuwa misheni na Ngassa. Yuko kwangu tangu Jumamosi. Hali chakula cha kueleweka, na analala ameegemea ukuta. Leo amefunga begi, anasema anarudi kikosini kabla likizo haijaisha na harudi tena Bariadi. Shemeji, kama unampenda, njoo leo hii."

"Na kama yeye hanipendi?"

Joakim alicheka kicheko kifupi, kikavu.

"Njoo umuulize mwenyewe."

*

Alipanda basi hadi Lamadi, akaunganisha hadi Nassa. Joakim alimpokea barabarani. Alikuwa mwanaume mpana, anatembea anaburuta mguu wa kulia. Nyumba yake ilikuwa jirani na vichanja vya kuanikia dagaa, na Ngassa alikuwa amekaa nje, mgongo ukutani, begi la kijeshi miguuni. Alipomwona Ernestina alisimama.

"Nani kakuleta?"

"Miguu yangu. Nijibu nilichokuuliza."

"Erne, rudi nyumbani."

"Nijibu! Mama yangu au mimi, Ngassa. Nilikuwa pale. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha."

Ernestina alihisi machozi yanampanda. Aliyameza, maana hakutoka Dutwa kuja kulia mbele ya dagaa wa watu.

"Kwa nini?"

Ngassa alimtazama Joakim kama anayeomba msaada. Joakim akakaa chini, akanyoosha mguu wake mbovu.

"Mwambie," alisema. "Au nimwambie mimi?"

Ngassa alivuta pumzi.

"Tulikuwa tumeshuka kwenye gari. Watatu. Mimi katikati, Joakim begani kwangu upande huu, Magese upande ule, mbali kidogo. Magese tulitoka naye Mwandoya, tulichunga ng'ombe pamoja tangu watoto. Mama yake alinishika mkono akaniambia, 'Mwanangu namwacha kwako.' Wakaanza kupiga. Na mkono wangu, Erne, ulimshika Joakim. Nikamlaza nyuma ya tairi, nikamfunika. Magese nikawa namwona. Ananiangalia. Kasimama tu, kama wewe na sinia lako."

Akageukia vichanja vya dagaa.

"Akafa ananiangalia."

"Na asubuhi ile," Joakim alidakia, "huyu alikuwa hataki hata kuniona. Nilikunywa chai yake."

"Mkono wangu hauchagui," Ngassa alisema. "Unashika aliye karibu. Nilidhani ni siku ile tu. Jumamosi nikaona ndivyo nilivyo. Zingekuwa risasi kweli, ungekufa mbele ya macho yangu nami nimemlalia mama yako. Nikikuoa, siku ikija nitakuacha. Siwezi kuishi naisubiri siku hiyo."

"Kwa hiyo unaniacha leo ili usije ukaniacha siku nyingine?"

Ngassa aliinama kushika begi lake.

"Hiyo ndiyo akili waliyokufundisha jeshini?" Sauti ya Ernestina ilipanda. "Nimekaa wiki nzima nafikiri hunipendi. Kumbe unanipenda, ila umeamua peke yako kwamba nimeshakufa!"

"Huelewi..."

"Haelewi yeye, na mimi je?" Joakim alinyanyuka kwa shida, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Kila ukiniona unamwona Magese. Nimevumilia. Nina mke, juzi nimepata mtoto wa kike. Umemshika? Hukumshika. Ukiujutia mkono ule, Ngassa, unajuta mimi kuwa hai. Umewahi kulifikiria hilo?"

Ngassa aliyumba kama aliyepigwa kofi. Akakaa juu ya begi lake, akaficha uso viganjani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ernestina hakuwahi kumwona akilia. Alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumzaba kibao.

"Jumapili wanatoa ng'ombe," alisema kwa upole. "Njoo usimame mbele ya baba, useme haya."

"Niseme mbele ya wakwe kwamba naumwa? Mwanajeshi?"

"Ndiyo."

"Siwezi, Erne."

"Basi nitasimama peke yangu. Usipotokea nitajua umechagua, na sitakupigia tena."

*

Jumapili uwanja ulijaa. Wazee kwenye viti, vijana wawili mlangoni mwa zizi tayari kuwaswaga ng'ombe. Wanawake walikuwa ndani na jikoni, maana kikao kama kile si chao. Ernestina alisimama karibu na ukuta, macho barabarani, na kila basi lililopita bila kusimama lilimpunguzia nguvu.

"Mwenyewe hajaja," Mzee Masalu alisema. "Fungueni zizi."

Mlango wa miti ukaanza kuondolewa. Ng'ombe wa kwanza akatoa kichwa.

"Baba, subiri kidogo," Ernestina aliomba.

"Nisubiri nini?"

"Mwadila, wazee."

Alikuwa Ngassa, amesimama nje kabisa ya geti, umbali wa heshima, macho chini. Nyuma yake Joakim, na kondoo mweupe mwenye kamba shingoni.

"Una la kusema?" Mzee Masalu aliuliza.

"Ninalo, baba. Nilimvunjia heshima mama. Nimeleta kondoo."

"Sikuuliza kondoo. Nakuuliza wewe. Una nini? Umelogwa?"

Ngassa aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Naumwa, baba."

"Unaumwa nini?"

"Vita. Nimerudi mwili, lakini kichwa changu bado kiko kule. Kikilia kitu najua tunapigwa. Usiku namsikia rafiki yangu aliyekufa. Nimempigia daktari wa kikosi jana, nitaanza kutibiwa. Sijui nitapona lini. Sitaki kukudanganya."

Manung'uniko yakapita kwenye viti. Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Shangazi Lukresia: "Si nilisema! Kichaa kabisa!"

Mzee Masalu alitikisa kichwa, na kusema kweli hakuwa na hasira tena, alikuwa na huzuni.

"Umesema kiume, nakupa hiyo. Lakini binti yangu simpi mtu anayeumwa kichwa. Kesho atamwangusha jikoni kwenye moto. Toeni ng'ombe."

"Masalu."

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Wazee waligeuka wote. Mama Milembe, ambaye katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuongea kwenye kikao cha wanaume, alikuwa anaongea.

"Masalu, mwambie huyo kijana, maana mimi siruhusiwi kumwambia. Mwambie nilimsikia."

"Ulisikia nini?"

"Wiki nzima mnasema nimevunjiwa heshima. Nani kaniuliza mimi? Niliyeangushwa ni mimi. Aliponilalia moyo wake ulikuwa unagonga mgongoni mwangu, na alikuwa ananiambia sikioni, 'Tulia mayu, itanipata mimi kwanza. Tulia, itanipata mimi kwanza.' Alikuwa anaamini anakufa, Masalu. Anakufa badala yangu, na wala hajanioa."

Pazia lilitikisika kidogo.

"Wewe umenioa. Siku nyoka alipoingia chumbani ulitokea wapi?"

Mzee Masalu alitazama fimbo yake.

"Nimeuliza, ulitokea wapi?"

"Dirishani," alijibu mzee kwa sauti ya chini. Boniventura aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamcheza.

"Basi. Na mimi nilikuwa kitandani. Mwambie huyo kijana aende kwa daktari, anywe dawa, na kondoo nimempokea. Na hao ng'ombe hawatoki. Wakitoka, na mimi natoka nao."

Mzee Masalu aliwatazama wazee wenzake, na wote waligundua ghafla kwamba viatu vyao vina vumbi. Mwishowe akapunga mkono kuelekea zizini.

"Fungeni."

Miti ikarudishwa mlangoni. Ng'ombe aliyekwisha kutoka nusu akasukumwa kwa makalio arudi ndani. Joakim akapangusa macho kwa mkono wa shati na kujifanya ni jasho.

Ngassa hakusogea. Alikuwa bado nje ya geti, kama mtu asiyeamini alichosikia. Ernestina alitoka ukutani. Akaukata uwanja wote, mbele ya wazee, mbele ya shangazi aliyekuwa amechungulia na mwiko mkononi, akatoka getini na kusimama ubavuni mwa Ngassa.

"Erne," alinong'ona Ngassa, "mkono wangu bado ni ule ule."

"Najua. Unashika aliye karibu."

Akasogea tena, mpaka bega lake likamgusa.

"Ernestina!" baba yake alikemea. "Hajakuoa bado!"

"Najua, baba," alisema, na hakusogea.