Wageni wa Saa Nane

Kila siku, ikifika saa nane mchana, Suad alikuwa amekwisha kuosha vyombo na kumwaga maji uani. Ndipo hodi ya kwanza ilipokuwa ikisikika.

"Hodi hapa! Mgonjwa wetu yupo?"

Huyo mgonjwa alikuwa ni yeye Suad, mzima wa afya. Mama yake, Bi Kuluthum, alikuwa mwalimu katika shule ya wauguzi kule kisiwani, na wanafunzi wake walizoea kumfuata nyumbani Kisauni baada ya masomo. Walimketisha Suad mkekani, wakamfunga bendeji kichwani, wakamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo ya moyo.

"Bibi mgonjwa, umezaa watoto wangapi?" Dhahabu, aliyekuwa mcheshi kuliko wote, alimuuliza.

"Kumi na wanne, na wote wana surua!"

Walicheka mpaka machozi. Wakiondoka walimwachia visheti. Mtoto wa miaka kumi na miwili atake nini zaidi?

Mwaka ule wa sitini na mbili walimu wawili wa Kizungu walirudi kwao Uingereza, na kazi yao yote ikamwangukia Bi Kuluthum. Alitoka alfajiri kulivuka daraja la Nyali, akafundisha darasani, akazunguka wodini na wanafunzi, akarudi saa saba miguu imevimba. Hajapumua vizuri, na wageni hao. Kuwarudisha hakuweza. "Mtu akipiga hodi kwangu akaitikiwa karibu, simwambii rudi," alikuwa akisema. Ndivyo alivyolelewa.

Siku moja aliona giza machoni, akashika ukuta asianguke. Daktari alimpima akakuta presha imepanda sana. Akampa vidonge, akaamuru kwa muda wa mwezi mzima alale kila siku tangu saa nane mpaka saa kumi.

Baba, Bwana Barakat, alimwita binti yake.

"Suad!"

"Abee, Baba."

"Mimi nitakuwa dukani. Mlango huu ni amana yako. Wakija, watokee nje uwaambie Mwalimu amelala. Neno karibu usilitamke. Ukilitamka tu, mamako ataondoka kitandani, wamjua."

"Nimesikia, Baba."

Siku mbili Suad aliulinda mlango. Siku ya tatu, Jumatano, alikuja Dhahabu pamoja na Pascalia, msichana mpole wa Rabai aliyeogopa mtihani kuliko simba.

"Ala! Mgonjwa wetu amepona, hatutaki tena?" Dhahabu alitania. "Au umekuwa askari wa bandarini, wataka pasi?"

"Mwalimu amelala," Suad alijibu kwa sauti ndogo.

"Hatumwamshi, mdogo wangu," Pascalia alibembeleza. "Tutakufunga wewe tu, kimya kimya. Mtihani ni mwezi ujao, nami bendeji zanishinda."

Suad alikitazama kikapu chao chenye bendeji na visheti. Siku mbili zile alikuwa amekaa peke yake hana wa kucheka naye, na mchana ulikuwa mrefu kama mwaka.

"Karibuni," akasema.

Hata hawajaketi sawasawa, Bi Kuluthum alitokea amejifunga leso, uso umemvimba kwa usingizi uliokatizwa. "Si hivyo, Pascalia. Ukikaza hapo damu haipiti." Akaketi, akafundisha mpaka saa kumi na moja.

Jioni Baba aliuliza, "Mamako amelala leo?"

"Amelala, Baba. Hakuja mtu."

Mama alikuwa papo hapo anakoroga mchuzi. Alisikia. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kuzunguka.

Uongo una uzazi. Wa leo huzaa wa kesho. Wiki mbili zilipita hivyo, wageni wakija saa nane na kutoka kabla Baba hajarudi. Daktari alipompima Mama tena alikuta presha iko palepale. "Unalala?" aliuliza. "Nalala," alijibu Bi Kuluthum. Daktari akatikisa kichwa, akambadilishia vidonge, akampa vikali zaidi.

Alhamisi iliyofuata, Bi Kuluthum akiwa mbele ya darasa, chaki ilimdondoka. Aliinama kuiokota, asiinuke. Wanafunzi walewale aliowafundisha kubeba wagonjwa ndio waliombeba. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, sauti imepotea, na mkono wa kushoto ulining'inia kama kitambaa.

Kesho yake Baba alimpeleka Suad hospitali. Walimkuta Daktari mlangoni mwa wodi.

"Bwana Barakat," alisema, "mkeo amepumzika wiki mbili na vidonge amemeza, wala hakupata nafuu. Basi ugonjwa uko kwingine, labda kwenye figo. Akipata nguvu kidogo nitampeleka Nairobi, na nadhani itabidi apasuliwe."

Suad aliwaza. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, mama atapasuliwa.

"Hakulala, Baba!" alipasuka. "Wallahi hakulala. Walikuja kila siku. Mimi ndiye niliyesema karibu."

Baba hakumpiga wala hakumkemea. Aliketi tu kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu, na hilo lilimuuma Suad kuliko fimbo. Daktari aliinama mpaka macho yao yakakutana.

"Umechelewa, mtoto, lakini umesema. Nairobi hatuendi sasa. Kwanza alale kweli."

Bi Kuluthum alilala wodini wiki tatu, bila mwanafunzi hata mmoja kuruhusiwa kumwendea. Presha ilishuka kwa vidonge vilevile vya kwanza. Dhahabu na Pascalia walikuja dukani kwa Baba kuomba radhi, Dhahabu hana hata mzaha mmoja. Mkubwa wa shule naye alikiri kwamba amembebesha mtu mmoja mzigo wa watatu. Akaajiri mwalimu wa pili, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakapangiwa kuwasaidia wadogo zao kulekule bwenini.

Mdomo wa Bi Kuluthum ulirudi, na sauti ikarudi. Mkono wa kushoto haukurudi. Asubuhi ya kwanza nyumbani, Suad alikuwa akimfunga vifungo vya gauni, machozi yakamtoka.

"Ni mimi niliyekuua mkono, Mama."

"Keti, mwanangu. Kosa lako ni moja, nalo si dogo. Ulipewa amana ukaivunja, kisha ukaificha kwa uongo. Ungalisema jioni ileile, baba yako angaliufunga mlango na mimi ningalilala. Lakini nilikusikia ukisema uongo, nami mtu mzima nikaufunika kwa kuwa ulinifaa. Hata Daktari nilimdanganya. Nilidhani mwalimu mwema ni yule asiyechoka. Nimewafundisha watoto wa watu kuhesabu mapigo ya wagonjwa, ya kwangu sikuyahesabu. Kazi ni kheri, Suad, na kupumzika ni sehemu ya kazi. Anayewatibu wenzake naye ana mwili. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lina dawa."

Aliinua mkono wa kulia akamfuta mwanawe machozi. Wa kushoto ulibaki umelala mapajani.