Taa za Mchana

Muuguzi alifungua mlango wa dada yake saa saba mchana, na kilichomshtua kwanza hakikuwa maiti. Zilikuwa taa. Jua limejaa sebuleni kupitia madirisha makubwa kama milango ya gereji, na bado taa zote zinawaka: za dari, za jikoni, za bafuni, hata ile ndogo ya kabati la viatu. Mapazia yamefungwa pembeni kwa kamba, mito ya kochi imesimama kwa pembe. Akaita, "Dada?" Kimya. Ndipo akamwona chini ya ngazi ya chuma, shingo imekaa vibaya, kiatu kimoja kimebaki juu.

Maiti alishazizoea hospitalini, lakini hii ilikuwa ya dada yake. Alikimbilia chooni kutapika, akapapasa kufunua kifuniko, akapiga simu polisi, akarudi kukaa sakafuni akilia mpaka walipopanda.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, juu kabisa ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha soksi. Zamani mtaa ule ulinuka mafuta ya mashine. Siku hizi ni migahawa ya vioo na watu wa kujisikia, na kuta za matofali yasiyopigwa lipu, jamani, ndizo fahari. Ilikuwa chumba kimoja kipana, kitanda kikiwa kwenye jukwaa la juu, ngazi haina hata pa kushika. Dada mtu, wakili, aliipenda kupita kiasi. Mdogo wao wa mwisho, Chepe, aliishi naye humo mpaka wiki iliyopita, alipofukuzwa.

"Alifukuzwa kwa nini?" Afande aliuliza. Alikuwa mpelelezi wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho.

"Taa," muuguzi alijibu, akili haijamtulia. "Chepe akitoka hazimi taa. Dada alikuwa mkali kwa mambo ya umeme. Waligombana mpaka majirani wakasikia."

Afande aliinua uso, akazitazama taa za dari moja baada ya nyingine. Muuguzi alimwona. Mungu wangu, nimesema nini?

"Funguo anazo?"

"Hajazirudisha."

Chini, mlinzi wa jengo aliapa mpaka mate yakamkauka. "Haki ya Mungu, Afande, mgeni hakupita hapa. Wapangaji tu. Na Chepe, alikuja asubuhi kuchukua nguo. Na huyu dalali wetu anayepangisha nyumba hizi, lakini yeye ni mtu wa humu humu."

Dalali alikuwepo, shati jeupe, manukato yakimtangulia. "Poleni sana. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili, namsubiri mteja. Hakutokea. Wateja ndivyo walivyo."

Jioni Chepe alikamatwa.

Muuguzi alimwona kituoni, macho yamemvimba. "Nilichukua nguo nikaondoka. Da' Mkubwa alikuwa kazini, hata sikumwona!"

"Taa uliziacha zinawaka?"

"Sikumbuki." Chepe alimkazia macho. "Dada, na wewe unaniuliza?"

Muuguzi alirudi nyumbani. Usingizi ulimkimbia siku zilizofuata. Alimlea Chepe mgongoni, na sasa aliogopa kuifikiria mikono yake. Kulikuwa na jambo moja tu la kushikilia: asubuhi ya msiba dada alikuwa amemtumia picha aliyoiona mtandaoni, bibi harusi asiyemjua ameketi kwenye kochi la kijani, na maneno haya: "Huyu ni nani kwenye kochi langu? Leo narudi mapema, atanitambua." Muuguzi alidhani ni mzaha. Afande aliitazama picha, akamrudishia simu. "Makochi yanafanana, mama."

Siku ya tatu alihitaji nguo ya kumzikia dada yake. Afande alimpeleka, akabaki chini akimhoji tena mlinzi. Muuguzi akapanda peke yake, akazima hisia zake na kuanza kupekua kabati. Safari hii nyumba ilikuwa na giza la mapazia yaliyoshushwa na polisi.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Hakuwa Afande.

"Aa, shemeji! Hujambo?" Dalali aliingia, amepanda kwa lifti ya maegesho. "Samahani. Mwenye nyumba hataki ikae bure, kuna mteja anakuja kuiona. Endelea tu, mimi natengeneza kidogo."

Akatengeneza. Huku akiongea habari za mvua, mkono wake ulikuwa unafanya kazi bila yeye kuutazama: taa za dari, tap, za jikoni, tap. Akavuta mapazia pembeni akayafunga kwa kamba zake, jua likamwagika ndani, naye bado anawasha. Akafungua kabati la viatu ili taa yake ionekane. Akasimamisha mito ya kochi la kijani kwa pembe. Akaingia bafuni, na muuguzi akasikia kifuniko cha choo kikishushwa.

Muuguzi akaacha kupekua. Siku ile alikifunua kile kifuniko mwenyewe. Na mito siku ile ilisimama hivi hivi, mapazia yalifungwa pembeni kwa kamba. Chepe huyu, asiyejua hata kutandika kitanda? Chepe huacha taa alizotumia; nani aliwahi kutumia taa ya kabati la viatu?

Ukutani palikuwa na simu ya kuongea na mlinzi. Aliinyanyua, akanong'ona, "Mlete Afande, haraka," akaiacha inaning'inia. Alipogeuka, dalali alikuwa kati yake na mlango.

"Unampigia nani, shemeji?"

Miguu ilitaka kukimbia, lakini pa kukimbilia hapakuwepo. Akaamua kuongea tu, aongee mpaka watu wafike. "Yule bibi harusi wa kwenye kochi. Ulimleta wewe."

Uso wa dalali ukanyauka. "Bibi harusi gani?"

"Ulikuwa unaleta watu kupiga picha humu, dada akiwa kazini. Siku ile uliwaandalia nyumba kama ulivyoiandaa sasa hivi. Yeye akarudi mapema."

Dalali alitazama juu. Taa zote zilikuwa zinawaka katikati ya jua. Akazitazama kwa muda, kama mtu aliyeshtukia ametoka na viatu viwili tofauti.

"Alikuwa juu kitandani ananivizia," alisema kwa sauti ya chini. "Akashuka anapiga kelele, atanishtaki, atanifungia kazi. Nilimsukuma anyamaze tu. Wale wa picha nikawakuta chini kwenye maegesho, nikawarudisha." Alipiga hatua moja. "Na wewe sasa unapiga kelele."

"Sijapiga," alisema muuguzi, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ngazi ya baridi. "Wewe ndiye umeongea. Na simu iko wazi."

Mlango ulisukumwa. Afande aliingia akihema, mlinzi nyuma yake na rungu.

Chepe aliachiwa jioni ile. Walirudi nyumbani kwa muuguzi, wakakaa sebuleni, chai ikapoa.

"Kuna kitu nataka kujua," alisema Chepe. "Habari za taa, nani aliwaambia polisi?"

Muuguzi angeweza kusema mlinzi. Angeweza kusema majirani.

"Mimi," alisema.

Chepe alitikisa kichwa taratibu, akainuka kwenda kulala. Mlangoni alisita, akanyoosha mkono, akazima taa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Muuguzi alibaki gizani na vikombe viwili, na hakuthubutu kuiwasha tena.