Kidodosi na Mji Usioumwa

Kidodosi kilipofika mlangoni kwa Bi. Saumu kilipiga hodi, kisha kikangoja. Kilikuwa chombo cha duara, ukubwa wa kitumbua, kikielea hewani bila mabawa wala kelele. Waliokiunda walikifundisha adabu zote za mji wa Mkokoni, hata kuamkia.

"Shikamoo mama. Habari za afya yako?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri, alhamdulillahi, ila goti hili tangu juzi halikunjiki, na..."

"Nzuri. Ahsante. Na mzee?"

"Hajambo, ila..."

"Ahsante. Umelipwa."

Pete ya malipo kidoleni mwake ikawaka kijani, na kidodosi kikaenda zake jirani.

Kazi ndiyo hiyo. Baraza la mji lilitaka maoni ya wananchi kuhusu afya, sabuni, hata harufu ya mabasi ya angani, na kila jibu lilikuwa na senti zake. Bi. Saumu alikuwa mkaanga vitumbua, na senti hizo za pembeni ndizo zilizomnunulia sukari na nazi. Hakuacha swali. Alitoa maoni hata juu ya mafuta ya ndevu.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Mhandisi Kidawa, aliyekibuni kidodosi, alikuwa amechoshwa na wazee wanaoanza na goti wakamaliza na mirathi ya shangazi. Akakiamuru kichukue neno la kwanza la jibu, basi. Na neno la kwanza la mtu wa Mkokoni nani asiyelijua? Aliyevunjika mguu, nzuri. Anayetetemeka kwa homa, nzuri. Aliyetoka kuzika, salama. Kompyuta kuu ya baraza ikajumlisha, ikatangaza kwamba Mkokoni hakuna mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo tabibu-chuma wa mtaa ahamishwe, apelekwe kwa watu wanaoumwa.

Tabibu-chuma huyo ndiye aliyekuwa akisafisha kidonda cha mguuni cha Mbwana, mume wa Bi. Saumu, mwenye kisukari. Mwingine wa karibu alikuwa nusu siku kwa treni, na Mbwana hata msikitini alishindwa kufika. Bi. Saumu aliposikia tangazo, alimpigia mhandisi, na sura ya Kidawa ikatokea hewani juu ya meza.

"Lakini mama, si mmesema wenyewe?"

"Ile ni salamu, mwanangu. Mtu akikujulia hali, kwanza unampa nzuri yake, ndipo unamweleza. Kwani kwenu hamsalimiani?"

Kidawa aliona aibu, maana kwao walisalimiana vilevile. "Kesho asubuhi kidodosi kinapita mara ya mwisho," alisema. "Nusu ya mtaa wakijibu mbaya, tabibu anabaki. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Jioni ile Bi. Saumu aliwakusanya majirani barazani kwake, akawafundisha kama watoto wa chekechea. Semeni mbaya. Wakasema mbaya, wakacheka. Mwinjuma, fundi wa mapaa aliyeteguka kiuno, alinung'unika kwamba kumjibu mgeni namna hiyo asubuhi asubuhi ni kujitakia nuksi.

Kulipokucha kidodosi kikaanza na huyohuyo.

"Shikamoo mzee. Habari za afya yako?"

"Marahaba. Nzuri," alisema Mwinjuma, akaziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Nyumba ya pili, nzuri. Ya tatu, mwenye kifua alikohoa weee, mwishowe akasema salama. Kilichowaponza ni ile shikamoo. Nani atamtupia mbaya mtoto aliyemwamkia vizuri hivyo? Majirani wakaanza kukifuata nyuma, vichwa chini, mpaka mlangoni kwa Bi. Saumu.

"Habari za afya yako, mama?"

"Nzuri," ulimi ulisema wenyewe. Bi. Saumu akatamani kuung'ata. Alijichukia, na machozi ya hasira yakamlenga.

"Ahsante. Na mzee?"

"Mbaya," sauti ilitoka ndani.

Mbwana alikuwa amejikongoja hadi sebuleni, kashika ukuta. "Mbaya, mwanangu. Vidole vya mguu huu sivisikii tangu Ramadhani. Usiku silali. Nauma shuka, mama huyu asije akaamka."

Mwinjuma akasogea mbele, akiomba radhi. Alisema kiuno chake nacho kibaya, kibaya sana. Mwenye kifua akafuata, na wengine nyuma yake wakisukumana. Kidodosi kilikuwa na ruhusa ya kupokea masahihisho, na kilipokea mpaka kikapata moto. Kabla ya adhuhuri nusu ya mtaa ilishajibu mbaya, na tabibu-chuma akabaki.

Watu wakashangilia nje. Bi. Saumu hakutoka. Alikuwa bado amesimama na kijiti cha kugeuzia vitumbua mkononi.

"Baba Mdoe, kila asubuhi nakuuliza umeamkaje. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisalimu, mama Mdoe," Mbwana alijibu taratibu. "Hukuwa unaniuliza."

Bi. Saumu akakumbuka asubuhi zake. Kweli, alikuwa akiuliza huku kampa mgongo, macho kwenye kikaango, na mara nyingi alishatoka uani kabla hajajibiwa. Kidodosi walau kilikuwa kikingoja neno la kwanza.

Akazima jiko. Akamshika mkono, akamkalisha, na yeye akakaa mbele yake.

"Haya," alisema. "Unaumwa wapi?"

Mbwana akaanza na mguu. Mpaka alasiri alikuwa hajamaliza.