Mkwe Wangu Aliniitikia "Eeh" Huku Amelala

"Mzee, dole hili ni lako, si lako?"

"Ni langu."

"Basi sikiliza ulichokiwekea dole!"

Wakili wa kampuni yenye lori akakohoa, akasoma mahakama nzima isikie:

"Mimi, fundi mwashi mstaafu, nakiri kwamba nilibishana na dereva, nikashika usukani kwa nguvu, ndipo lori likatoka barabarani..."

Heee! Nani? Mimi?

Wajukuu zangu wa humu, sikilizeni. Mimi nilikuwa shahidi WAO! Asubuhi walinifuata nyumbani na gari lao, wakaninunulia na soda. Kumbe napelekwa kama mbuzi anayedhani anakwenda malishoni.

Benchi la pili alikaa mama mmoja, fundi cherehani. Magongo yake yameegemezwa ukutani. Gauni lake upande wa kulia, chini ya goti, halina kitu ndani.

Ananitazama tu...

Ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia katikati mtapotea.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, tulikuwa tunamwita Mpole. Alikuwa dereva wa lori la saruji. Siku ile alinipitia asubuhi, nikaangalie ufa kwenye ukuta wa jikoni kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo, umeshinda kwenye vitunguu?"

"Sijalala tangu juzi, baba. Nikishusha mzigo, bosi anasema pakia tena. Nikikataa, getini kuna watu kumi wanaitaka funguo yangu."

"Si ujinyooshe hapa kidogo?"

"Bado tripu moja tu. Panda baba, unipigishe stori nisilale."

Jamani, nilifurahi! Nyumbani kwangu nikifungua mdomo kila mtu anakumbuka ana kazi. Leo naombwa mwenyewe!

Nikapanda. Nikaanza na goti langu, nikaja kwenye bei ya mbao, nikaingia kwenye kile kisa cha choo. Zamani tulimjengea tajiri mmoja choo, tukapandisha kuta nne, safi kabisa... mlango hatukuacha! Na fundi mwenzangu kabaki ndani!

Pale watu wote hucheka. Hata padri alicheka.

Mpole akasema, "Eeh."

Nikanuna.

"Mkwe, hujaelewa? Kabaki NDANI!"

"Eeh."

Nikaamua kumtega.

"Mkwe, kwani wewe ni ng'ombe?"

"Eeh."

Nikaangua kicheko mpaka machozi, na makofi juu! Nikamgeukia nimtanie zaidi...

Alikuwa amefumba macho.

Mdomo peke yake ndio uliokuwa unaniitikia.

"MKWEEE!"

Lori lilishaacha lami. Nikaona kibaraza. Nikaona sare za shule zimening'inizwa. Nikaona cherehani...

Mlio ule sitausimulia.

Mpole hakutoka hai. Fundi cherehani alikatwa mguu wa kulia, ule ule aliokanyagia mashine. Mimi nilivunjika mkono na mbavu tatu. Miwani yangu sijui iliishia wapi.

Siku ya nne wodini akaja bwana mmoja wa kampuni, kavaa tai, ananukia vizuri.

"Pole sana mzee wetu."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Mzee, ukisema marehemu alilala, kosa lote ni lake. Binti yako hapati hata senti, na jina la mumewe linachafuka. Sema tairi lilipasuka. Hapo hakuna wa kulaumiwa."

"Na yule mama wa cherehani?"

"Tutamwona."

Tutamwona! Na mimi nikaridhika na neno hilo.

Akanisomea karatasi kwa sauti nzuri kama mtangazaji wa redio: "...tairi la mbele likapasuka ghafla..." Mimi shule niliishia darasa la tatu, na bila miwani herufi zote ni sisimizi. Binti yangu alikuwa pale nje kwenye korido, kasoma huyo! Ningemwita tu.

Sikumwita.

Sikutaka ajue kwamba nauza mguu wa mwenzetu ili yeye apate chochote.

Nikaweka dole.

Sasa turudi mahakamani, maana ndiko nilikowaacha.

Kumbe matairi yote yalikutwa mazima, askari walishayakagua! Ile hadithi ya tairi ilikuwa ya kunilainisha mimi tu. Karatasi tangu mwanzo iliandikwa usukani.

Nikasimama pale kizimbani, nikapiga hesabu haraka haraka. Nikinyamaza, jina la Mpole linabaki safi, mimi naubeba mzigo. Mzee kama mimi watanifanya nini? Lakini kampuni inatoka mlangoni inapiga mluzi, na yule mama anabaki kunidai mimi. Mimi mwenye mwiko na ndoo! Mguu wa bandia atanunuliwa na nani?

Akasimama wakili wake, dada mmoja wa ofisi ya msaada wa kisheria. Viatu vimelika visigino. Alikuwa anamtetea yule mama bila kumtoza kitu.

"Babu, usiogope. Tueleze wewe, kwa mdomo wako. Lori lilitokaje barabarani?"

Nikamtazama binti yangu.

"Dereva alilala."

"Baba!" binti yangu akapiga ukelele.

"Alilala, mwanangu. Alikuwa hajalala tangu juzi yake, walimkatalia kupumzika. Na mimi niliyaona macho yake tangu nyumbani... nikapanda hivyo hivyo. Na wodini nikakubali kusema tairi lilipasuka, kumbe karatasi imeandikwa usukani."

Binti yangu akainuka, akatoka nje. Mlango ukajibamiza.

Wakili wa kampuni akatabasamu.

"Mheshimiwa hakimu, mzee huyu amekiri alikubali kusema uongo wa tairi. Leo anatuletea usingizi. Tumwamini kwa lipi?"

Nikalitazama dole langu. Kweli kabisa, waniamini kwa lipi?

Yule dada akaomba fundi cherehani aulizwe tena. Mama wa watu akajikokota na magongo yake mpaka mbele. Nikajua nimekwisha. Nani atamhurumia mtu aliyekuja kumnyima haki yake?

"Mama, kabla lori halijakufikia, uliona nini?"

"Niliinua kichwa nikate uzi. Nikaliona linakuja. Dereva shingo imemlegea, kichwa begani."

"Na huyu mzee?"

Akanigeukia.

"Alikuwa anacheka. Anapiga makofi."

Nilitamani sakafu ifunguke.

Wakili wa kampuni akaruka. "Una uhakika mkono mmoja haukuwa kwenye usukani?"

"Wewe baba, makofi unapiga kwa mkono mmoja?"

Hata karani alicheka. Mimi sikucheka. Lile lile lililoniokoa ndilo lililonivua nguo: nilikuwa naenda kumkata mtu mguu, huku nashangilia!

Hakimu akaagiza daftari la mlinzi wa getini. Lilipoletwa, kila kitu kimo: lori lile liliingia na kutoka siku mbili mfululizo, dereva yule yule, hakuna pa kupumzikia. Yule dada akalisoma mstari kwa mstari. Kampuni ikashindwa. Fundi cherehani akapewa fidia yake.

Binti yangu naye kesi yake ya kudai haki za mumewe kaichukua dada yule yule. Maana lile daftari limeonyesha Mpole alisukumwa. Kumbe ukweli niliouficha ndio ungemsaidia! Kesi bado inaendelea. Ananisalimia binti yangu, anauliza hali ya mbavu... lakini hakai.

Wajukuu zangu, mkiumizwa barabarani, msiwekee dole karatasi ya mtu aliyekuja wodini anawachekea. Mwite wa kwako akusomee neno kwa neno. Nendeni kwenye msaada wa kisheria, wapo, hata kama huna kitu mfukoni.

Juzi nilikwenda kwa yule mama. Ana mguu wa bandia sasa, bado unamchubua. Anajifunza kukanyaga cherehani upya, kwa mguu wa kushoto. Mshono unakwenda kombo, anafumua, anaanza tena.

Nikamwambia, "Mama, nilikukosea, na wewe ukaniokoa."

Hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Sikukuokoa, mzee. Nilisema nilichoona. Ningekuona umeshika usukani, ningesema umeshika."

Nikakaa pale kibarazani, nimeishiwa maneno. Mimi huyu!

Madereva, na nyinyi mnaokaa pembeni ya madereva... usingizi hausikilizi stori. Mwambie asimamishe gari, alale. Akikataa, shuka. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuongea njia nzima, na maneno mawili tu ya "simama, ulale" nikashindwa kuyasema.