Kikombe cha Roza

Kling'. Kling'. Kling'.

Ngolo aliisikia sauti hiyo kabla hajaona hata nyumba moja ya mtaa ule. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka Mlima Loleza na kuufunika mji wote wa Mbeya. Aliitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya kikombe cha bati. Kwa siku nne ilimfuata njia nzima kutoka Usangu, ikilia mgongoni kwa rafiki yake Roza.

Aligeuka haraka. Hapakuwa na Roza. Roza alilazwa hospitali tangu jana jioni.

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi zote za safari. Walikunja mablanketi, wakanywa uji katika shule waliyolala, kisha Mwalimu Gideoni akawahesabu. Walikuwa wanafunzi tisa wa darasa la sita, kila mmoja na shanta la gunia mgongoni. Mwaka ule wa 1976 Mwalimu alitaka wajifunze jiografia kwa nyayo zao. Leo ndiyo siku waliyoisubiri kwa hamu, siku ya kuutazama mji. Lakini Mwalimu alipohesabu alifika wanane tu.

"Wewe Ngolo wa Masunga, mwenye ng'ombe wa kuchunga!" mwenzake Asukile alimtania pale mtaani. "Unatazama nini huko nyuma? Umeona mzimu?"

Wenzake wakacheka. Alipotembea, sauti ilitembea. Aliposimama, nayo ikasimama.

Walipita sokoni, penye viazi vilivyopangwa mafungu mafungu na akina mama waliojifunika mashuka kwa baridi. Walisimama mbele ya duka la vitambaa, wakajitazama katika kioo kikubwa kuliko ubao wa darasani. Wenzake walikunja nyuso na kuchekana. Ngolo alijiona yeye tu, na nyuma yake ukungu mweupe. Kling'. Akaondoka pale mbio.

Alijua kwa nini sauti ile inamfuata yeye, si mwingine.

Juzi jioni, pale Inyala, ilikuwa zamu yake kuchemsha maji ya kunywa. Kuni zilikuwa mbichi na miguu ilikuwa imevimba. Kijitoni aliona ng'ombe wakinywa. Baba yake, mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alizoea kusema kwamba maji ambayo ng'ombe hayanusi mara mbili hayana neno. Ng'ombe wale hawakunusa hata mara moja! Ngolo akachota debe, akatumbukiza makaa mawili ya moto. Maji yakafuka mvuke, yakanukia moshi. Mwalimu Gideoni alipita, akainama, akanusa.

"Vizuri, Ngolo. Yamechemka sawasawa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Maji yale yalijaza vibuyu vitatu, cha Roza, cha Asukile na chake mwenyewe. Kulipokucha Ngolo alionja maji yake, akasikia harufu ya samadi. Aliyamwaga kichakani kimya kimya. Roza alikuwa mbele yake hatua kumi tu, akinywa. Ngolo hakufungua mdomo.

Mchana walipofika Uyole, Roza alianza kutapika na kuharisha. Lori liliwachukua wote mpaka hospitali. Muuguzi alipouliza mtoto amekula nini, Mwalimu alijibu kwa hasira, "Mapera ya njiani! Niliwakataza. Maji yetu tunachemsha."

"Nilikula moja tu, Mwalimu," Roza alilia. Ngolo alikuwa amesimama pale pale, macho sakafuni.

Sasa walikuwa wamefika kwenye stesheni mpya ya reli. Paa lake lilikuwa juu sana, na kila hatua waliyopiga ilirudi kwao kama ya mtu mwingine. Watoto wengine walikimbilia kutazama reli. Asukile alikaa kwenye benchi, akazibua kibuyu chake.

"Ninyi mmemaliza maji yenu kama bata," alisema. "Mimi nimeyabania tangu Inyala."

Akakiinua kibuyu kinywani. Ngolo aliruka, akakipiga kofi. Kibuyu kilianguka sakafuni kikapasuka vipande viwili.

"Una wazimu? Kibuyu cha bibi yangu hicho!"

"Usiyanywe!" Ngolo alipiga kelele, na sauti yake ikazunguka ukumbi mzima. "Sikuyachemsha! Asukile, sikuyachemsha!"

Mwalimu Gideoni alikuja polepole. "Umesema nini?"

Ngolo alieleza yote, makaa, ng'ombe, samadi, na kile kichaka. Alingojea fimbo. Mwalimu hakumgusa. Alimgeukia Asukile.

"Wewe ulikunywa?"

"Mafunda mawili, Mwalimu. Jana."

"Basi twende hospitali wote. Sasa hivi."

Ngolo aliliinua shanta lake kwa pupa. Kling'! Akalitupa chini kana kwamba limemng'ata.

"Kikombe cha Roza hicho," Asukile alisema, akimshangaa. "Nilikitia humo asubuhi, umpelekee. Kinagongana na chako."

Hospitalini, Muuguzi Mwantumu, mama mnene mwenye lafudhi ya pwani, alisikiliza hadi mwisho. Aliandika kwenye karatasi ya Roza, akamwita daktari, kisha akampima Asukile na kumpa dawa. Aliporudi, alimketisha Ngolo karibu naye.

"Mwanangu, ng'ombe ana matumbo manne. Wewe unalo moja, na mwenzako moja. Usimfanye ng'ombe daktari wako."

"Ndiyo, mama. Roza atakufa?"

"Hafi. Sasa tunajua tunapigana na nini. Lakini nisikilize. Kuchoka si kosa, sote tunachoka. Maji mabaya ungeweza kuyarudisha motoni. Ila ulipoonja samadi ukanyamaza, hapo ndipo ulipomwacha mwenzako anywe. Ukweli uliousema leo ungetosha kusemwa jana asubuhi kwa neno moja tu."

Mwalimu Gideoni alikohoa. "Na mimi nilinusa moshi nikaridhika. Sikutazama kama maji yanatokota."

Roza alikuwa amelala kitanda cha dirishani, midomo imekauka, mkononi mpira wa maji ya dawa. Ngolo aliweka kikombe juu ya kabati dogo. Kililia mara moja, kling', kikatulia.

"Wenzetu wananiita mlafi wa mapera," Roza alisema kwa sauti ndogo. "Hata nyumbani wataambiwa hivyo."

Ngolo aliushika mkono wake, akasema kwa sauti iliyosikika wodi nzima:

"Roza, nakuahidi. Siku tutakayorudi shuleni, nitasimama mbele ya mstari wa asubuhi, wazazi wakiwepo, na baba yangu akiwepo. Nitawaambia mapera hayakuwa na kosa, wala wewe. Nitawaambia ni mimi."